Mbwa wa Kumngoja Tabby

Chaka, 14 Januari 2024

...na rangi yenyewe nilinunua mimi, Tata! Nisamehe kwa kuanzia katikati. Zubair, anayetubebea barua kwa lori lake, alipiga honi nikakunja karatasi kabla sijamaliza, na lori la mbuzi halimngoji mtu. Sasa naendelea pale pale.

Lakini kwanza hujambo, shangazi yangu mpendwa? Mbuzi hawajambo? Sisi ni wazima. Baba, kaka yako, goti lake linamsumbua kwa baridi hii ya Kieni. Mama amevuna viazi. Nilikutana na Anko Moffat sokoni Karatina, akasema nikusalimu hata kama hamko pamoja tena. Na Theuri wangu, Tata, Theuri! Asubuhi hunipashia gambuti zangu kando ya jiko kabla sijaenda kukamua. Mchana hufunga duka lake la dawa za mifugo aje tule pamoja, na akichelewa hunikuta nimesimama barabarani kama mtu anayengoja harusi. Sijui kama kuna mwanamke mwingine anayependwa hivi kutoka hapa mpaka Nanyuki.

Ndiyo sababu naumia. Unajua ile desturi, ulifanyiwa hata wewe. Tulifunikwa leso wasichana sita kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, tukapangwa mstari nyumbani kwa baba, Theuri aje amtambue bibi yake. Na unajua wapenzi wanavyofanya. Tulikuwa na alama yetu ya siri: ukucha mmoja mwekundu, mguu wa kushoto. Aliyenipaka ni Tabby, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mwenye saluni hapa Chaka. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Siku yenyewe naye akajipaka wake, akautoa mguu nje ya leso kama mtu anayeonyesha kiatu kipya. Theuri akapita mbele yangu, akaenda akamshika mkono Tabby. Akamfunua. Watu walicheka mpaka uji ukamwagika.

Katika jibu lako fupi uliniuliza Theuri alisema nini alipomwona. Hakusema kitu cha maana, palikuwa na kelele. Alirudi akanichagua mimi.

Tangu hapo Tabby hana adabu. Akienda saluni hukata njia katikati ya shamba letu, hapo palipo na pengo kwenye ua. Huingia jikoni kwangu, hufunua sufuria, na kusema, "Hebu tuone bibi ya pili amepika nini." Bibi wa pili, Tata, ati kwa kuwa yeye alichaguliwa kwanza! Sokoni husema hivyo hivyo, na wanawake hucheka.

Basi nataka mbwa. Theuri naye anataka mbwa, lakini yeye ni kwa ajili ya wezi wa kuku. Anataka shepadi. Mimi naangalia rotwaila. Mutahi wa Karatina ana vijibwa vya aina zote mbili. Wewe umefuga mbwa huko miaka mingi. Niambie ni yupi atakayemfanya Tabby apite njia ya barabarani kama Wakristo wengine.

Mimi mwanao, mwenye furaha kuliko wote Kieni,
Watiri


Doldol, 3 Februari 2024

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu umebeba jina la mama yangu, ingawa yeye hakuwa na maneno mengi kama wewe.

Barua yako ilichelewa. Zubair alikwenda kwanza kumwozesha binti yake Rehana, na harusi yao ni ya siku nyingi. Mimi ni mzima. Malisho yamekauka, mbuzi wamekonda, fisi wamenenepa. Nina mbwa wawili. Malkia ni shepadi. Yule mwingine ni mchanganyiko, nimempa jina la Moffat. Kila jioni humwambia, "Moffat, lala chini," naye hulala chini. Hujui raha yake. Zile salamu ulizoniletea kutoka Karatina nimempa Zubair azirudishe.

Sasa mbwa. Unaniuliza juu ya Tabby, mimi nakuuliza juu ya nyumba. Nani anashinda nyumbani? Ua una pengo, umesema mwenyewe. Mama mkwe wako hupiga simu kabla ya kuja, au huingia tu? Mbwa atakula nini siku Theuri hajauza dukani?

Shepadi anataka kazi na anataka watu. Humwaga manyoya, hubweka sana, lakini huwapenda wote wa nyumba na hujifunza kutenganisha mgeni na mwizi. Rotwaila ni mzito na mkimya. Moyo wake huutoa mapema, huutoa kwa mtu mmoja, na akishautoa harudishi. Anataka ua mzima na mkono usiotetemeka. Nyumba yenu ni ya vyumba viwili na bado mnatazamana siku nzima. Chukueni shepadi.

Sikukatazi kulipiza kisasi. Aliyewafanya watu wakucheke siku yako anastahili. Lakini usimfanye kijibwa akubebee hasira asiyoijua.

Na hukunijibu. Mwanamume akishika mkono usio wake mbele ya ukoo wote, husema neno. Theuri alisema nini?

Beth


Chaka, 2 Machi 2024

Tata wangu,

Salamu nyingi kama majani ya chai! Baba goti limepoa. Mama mkwe alikuja Jumapili bila kupiga simu, kama ulivyobahatisha, akala chapati tano na kusifu mikono yangu. Theuri amenijengea rafu ya vikombe. Imepinda kidogo upande mmoja, na kila nikiitazama nataka kulia kwa mapenzi.

Tulikwenda Karatina. Theuri alimshika shepadi mdogo, akalambwa masikio yote mawili, akaniangalia kwa macho ya kuombaomba. "Huyu, mpenzi. Huyu tayari ni wetu."

Mimi nilikuwa nimeinama kwa wale weusi. Mmoja alikaa peke yake, kichwa kama nyundo, akinitazama bila kupepesa.

"Madam ako na macho," Mutahi akasema. "Huyo akikua, mtu akikanyaga kwako bila ruhusa atajua hajui."

"Huyo atatukula sisi wenyewe," Theuri akasema.

"Atakula tu yule nitakayemwonyesha," nikasema.

Theuri akacheka, akakubali. Hunikubalia kila kitu! Nimemwita Jaji, kwa sababu atahukumu.

Usinikasirikie, Tata. Barua yako niliisoma mara nyingi, na kuna jambo nililochukua humo. Umesema huutoa moyo mapema. Basi na chuki yake nimeona nianze mapema. Leso aliyofunikwa Tabby siku ile ilibaki kwa mama, haijafuliwa. Bado inanuka yale mafuta yake ya nywele, unaweza kuyasikia kutoka mlangoni. Nimemtandikia Jaji kwenye kreti yake ya kulalia ili harufu ya adui imwingie usiku na mchana. Na inafanya kazi! Baridi ikizidi hujizungusha humo ndani, anaikamata pembe ya leso kwa meno, anaikamua na kuingurumia mpaka usingizi umchukue. Anajizoeza.

Bahati mbaya Tabby mwenyewe hayuko. Amekwenda Mwea kwa dada yake aliyejifungua, na saluni amemwachia msichana anayeitwa Lynn. Akirudi Jaji atakuwa na shingo kama gogo. Nangoja. Nikipika nangoja, nikifua nangoja, nikilala kwenye mkono wa Theuri nangoja huku nimetabasamu.

Kuhusu lile swali lako, nimekwisha kukujibu. Palikuwa na kelele.

Watiri wako


Doldol, 20 Machi 2024

Mama,

Sina nafasi ya salamu, Zubair anawasha gari. Sote wazima.

Itoe leso hiyo. Itoe leo, ichome. Kijibwa aliyetolewa kwa mama yake hulilia harufu anayolalia. Hajizoezi kung'ata. Ananyonya.

Beth


Chaka, 18 Agosti 2024

Tata,

Natumaini mvua zilizokata barabara zimekuachia mbuzi wa kutosha. Huku viazi vilioza shambani, lakini karoti ziko. Baba hajambo. Mama mkwe hajambo, utamsikia hapa chini. Barua yako ya Machi ilinifikia mwezi uliopita, imekunjwa chini ya kiti cha lori na inanuka beberu. Zubair aliomba radhi hadi nikamhurumia. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikamtazama Jaji, mkubwa kama ndama, amelaza kidevu kwenye kile kitambaa ambacho sasa ni nyuzi tupu. Nikajiambia, Tata anajua mbwa wa kule. Huyu ni wangu.

Tabby alirudi Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa nimewaalika watu, sikufichi. Mama mkwe, wanawake wawili wa kanisa, na Theuri alikuwa amefunga duka. Nilitaka waone. Nilipoona kitambaa chake cha kichwa kikija kando ya ua, nilimfungua Jaji mnyororo, nikaketi, nikamimina chai. Mkono haukutetemeka.

Tabby alipita kwenye pengo kama kawaida. "Hodi kwa bibi ya pili! Mmenimiss?"

Jaji alisimama. Akanusa. Nywele za mgongo zikamsimama. Halafu akaruka, Tata. Alivuka uwanja kama gari lisilo na breki, akamwangusha chini Tabby na kikapu chake, na mama mkwe akapiga mayowe, "Ngai! Ameua mtu!"

Hakuua mtu. Alikuwa anamlamba. Alimlamba uso, shingo, nywele. Alilia kama mtoto. Alijilaza chali mbele yake, miguu yote minne juu, akajikojolea kwa furaha. Mbwa ambaye mimi hunitikisia mkia mara moja tu, nikileta chakula.

Tabby alikaa pale chini akicheka huku amemkumbatia shingo. "Ooo! Hata huyu amenichagua kwanza! Jamani Watiri, kwenu mnanifanyia nini?" Kisha akamtazama Theuri, akamkonyeza, akasema lile neno ninalokuficha tangu mwanzo. Na Theuri akacheka. Wote wakacheka.

Sasa nitakuandikia, kwa sababu sina tena nguvu ya kulishikilia. Siku ile alipomfunua Tabby hapakuwa na kelele. Palikuwa kimya, watu wote walikuwa wakingoja. Theuri alimtazama kutoka juu mpaka chini, mkono bado ameushika, akasema, "Hata huyu si mbaya." Ndipo watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa chini ya leso, wa tatu kutoka mwisho. Nilisikia kila kitu, na nilitakiwa kusimama pale kimya mpaka anifikie.

Ni mzaha, najua. Amenijengea rafu, najua. Tabby hulisema neno hilo kila tunapokutana, na kila mara yeye hucheka.

Jaji alimfuata mpaka saluni. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka.

Watiri


Doldol, 9 Septemba 2024

Mama yangu mdogo,

Huku kumenyesha vizuri. Mbuzi wamezaa mapacha wengi. Malkia anazeeka, amepoteza jino. Moffat bado hulala chini.

Sasa umenijibu. Nimekaa na barua yako siku mbili. Nilikuwa na hasira nawe kwa ajili ya leso, imekwisha. Kuna maneno niliambiwa mimi mbele ya watu, nami nikacheka pamoja nao ili nionekane mtu mwema. Hayo sitakuandikia.

Fanya hivi. Usimpige mbwa, hana kosa. Usimfunge. Usiende kumwita saluni na kujitia aibu barabarani. Ua usiuzibe. Mlishe jioni tu, na asubuhi mwache aende anakotaka.

Rotwaila akimpenda mtu humlinda. Hamlindi dhidi ya mwizi tu. Humlinda dhidi ya kila mtu. Tabby alitaka kuchaguliwa. Basi amechaguliwa.

Na anayekwenda kumrudisha nyumbani kila jioni awe Theuri. Mwambie wewe mnyororo unakuumiza mikono.

Ukimaliza kumtumia, niletee. Fisi wa huku hawaulizi alimpenda nani zamani, na Malkia anahitaji wa kumsaidia. Nyumba yenu mchukulie yule shepadi niliyewaambia tangu mwanzo.

Beth


Chaka, 6 Oktoba 2024

Tata wangu wa dhahabu,

Kaa kitako. Weka chai. Salamu zote utazipata, baba, mama, mama mkwe, wote wanakusalimu, wote wanapumua!

Nilifanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Siku za kwanza Tabby alijisifu barabara nzima. Alimpitisha Jaji sokoni bila kamba. "Mbwa wa wenyewe, lakini moyo uko hapa." Jaji alilala mlangoni pa saluni, mpana kama mlango wenyewe, na wateja wa kwanza waliruka juu yake wakicheka.

Kisha mke wa mchinjaji alikwenda kusukwa. Tabby alipomshika kichwa kuanza kazi, yule mama akapiga kelele kidogo kwa maumivu, na Jaji akadhani kuna vita. Hakung'ata. Alisimama tu katikati yao, akaonyesha meno yote, akanguruma kutoka tumboni. Yule mama alitoka mbio na nusu ya kichwa, Tata! Nusu imesukwa, nusu imesimama! Alivuka soko lote hivyo.

Baada ya hapo hakuna aliyeingia. Lynn akaomba ruhusa, hajarudi. Tabby alimfukuza Jaji kwa ufagio, mbwa akadhani ni mchezo, akamletea ufagio. Akamfungia nje, mbwa akakwaruza mlango mpaka rangi ikaisha. Akapita njia ya nyuma, akamkuta nyuma. Akienda chooni, Jaji hukaa nje ya choo.

Na kila jioni huenda kumchukua mpenzi wangu Theuri, mnyororo mkononi. Lazima apite mbele ya bucha, na wanaume wote wa Chaka hukaa hapo saa hiyo.

"Theuri! Leo unachagua nani?"

"Angalia kucha vizuri, bwana, usibebe mtu wa wenyewe!"

"Hata huyo mbwa si mbaya!"

Alikuwa akirudi nyumbani masikio yamemwiva. Siku moja alitupa mnyororo mezani, akasema, "Watiri, mfunge huyu mbwa. Wananicheka."

"Nani anakucheka, mpenzi?" nikamwuliza, nikampakulia.

"Wote. Kila siku neno lile lile."

"Pole. Ni mzaha tu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kijiko hewani. Nadhani alikuwa karibu kuelewa. Lakini nilikuwa nimempikia mukimo anaoupenda, akala.

Jumatano Tabby mwenyewe alikuja. Hakupita kwenye pengo. Alipita barabarani, akabisha hodi kwenye lango, akangoja. Jaji nyuma yake, amefurahi kama bwana harusi.

"Watiri, nakuomba. Mfunge huyu mnyama. Wiki mbili sasa sijasuka mtu."

"Nimfunge vipi, naye amekuchagua?"

"Watiri, wacha. Hiyo ilikuwa jokes."

"Basi nenda uwaeleze jokes yako. Sokoni, siku ya soko, pale unaposimamaga kuniita bibi ya pili. Ueleze ukucha ulipakwa na nani. Ukimaliza nitamfunga."

"Mbele ya watu?"

"Mimi nilikuwa mbele ya watu."

Alilia, Tata. Nilidhani ningemhurumia. Nilimletea kiti akae alie vizuri, na sikumhurumia hata kidogo. Siku ya soko alisimama kati ya wauza kabichi na wauza mitumba, akasema kwa sauti ndogo kwamba aliniibia alama yangu, kwamba alijipaka ukucha kwa kusudi, kwamba alitaka aonekane. "Sikusikii, Tabby," mke wa mchinjaji akasema, kitambaa kimemfunika kichwa. Akarudia kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu changu cha karoti, nami nikakuta sihitaji wacheke. Nilimfunga Jaji mnyororo nikaondoka naye. Alilia njia nzima akitazama nyuma, na hapo tu ndipo moyo wangu ulipouma, kwa sababu yeye ndiye pekee katika mambo haya yote aliyempenda mtu bila hila.

Umesema kweli, si mbwa wa nyumba yetu. Mutahi ana shepadi jike wa miezi mitatu, na Theuri amekwisha kwenda kumtazama mara mbili. Tutamchukua tukirudi kutoka kwako. Ua nimeuziba mimi mwenyewe.

Ndiyo, kutoka kwako! Zubair hataki mbwa kiti cha mbele, lakini amekubali tukae nyuma na mbuzi waliobaki. Tutakuletea Jaji, na sukari, na karoti gunia moja. Theuri amefurahi sana. Ameshona kifungo cha koti lake, amenunua boksi la chai la kukuletea, anafanya mazoezi ya kukuamkia. Anadhani tunakuja kuleta mbwa.

Nilipomwambia mambo ya Tabby yamekwisha, alinikumbatia akasema, "Basi yameisha." Yameisha kwake, Tata. Nampenda mpaka nashindwa kula, nampenda kila nikiiona ile rafu iliyopinda, na bado hajaniambia lolote kuhusu siku ile. Hajui kwamba wewe unajua. Ukishatukaribisha, na chai ikishamiminwa, naye ameketi mbele yako na kikombe mkononi bila pa kukimbilia, mwulize lile swali lako mwenyewe, polepole, kama ulivyoniuliza mimi. Mimi nitakaa kando yake nimemshika mkono, wala sitamsaidia.

Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao,
Watiri